Iko Tabora

Katika Kigoma ya utoto wangu, kitu chochote ambacho hakikuwepo dukani kilikuwa Tabora. Ukiulizia sukari, ukiulizia betri za redio, ukiulizia utambi wa jiko la mafuta ya taa au daftari lenye mistari mipana, mwenye duka hakusema kwamba ameishiwa, wala hakusema kwamba hajui kitapatikana lini. Aliegemeza viwiko kwenye kaunta, akatazama chini kuelekea stesheni kama mtu anayetarajia kumwona mgeni wake akipanda mtaa, kisha akasema, "Iko Tabora, mwanangu." Hata kwa viberiti walisema "iko", si "viko", kwa sababu walichokizungumzia kilikuwa mali, na mali ya maduka yote ilikuwa moja, imefungiwa ndani ya behewa moja, mahali pamoja. Mimi niliamini. Mpaka nilipofika darasa la tano au la sita, Tabora niliyoichora kichwani ilikuwa ghala moja kubwa lisilo na madirisha, ambamo sukari, sabuni na baiskeli za watu wa Kigoma zilikaa zikisubiri ruhusa ya kuja.

Mtaa ninaouzungumzia ni Barabara ya Lumumba, ambayo kila aliyewahi kushuka treni Kigoma anaifahamu, kwa kuwa ni vigumu kutoka stesheni bila kuikanyaga. Inaanzia chini karibu na jengo la stesheni walilolijenga Wajerumani, inapanda kilima ikielekea Mwanga na hatimaye Ujiji, na miembe yake mikubwa ilikuwa ndiyo paa la mtaa mzima wakati wa kiangazi. Ukifika juu ukageuka nyuma, unaliona Ziwa Tanganyika limelala chini ya mabati ya nyumba, na siku ambazo hewa ni safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Jina la mtaa ni la Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961 huko Katanga, jimbo ambalo ufuko wake wa mashariki unaoshwa na ziwa hili hili letu. Lakini mimi kwa miaka mingi nilidhani Lumumba alikuwa mfanyabiashara wa zamani aliyewahi kuwa na duka kubwa kuliko wengine, na nilijaribu kukisia lilikuwa jengo gani.

Baba yangu alikuwa karani wa mizigo, nasi tuliishi katika kota za reli, hivyo nililelewa katika nyumba ambayo neno Tabora lilitamkwa kila siku, ila kwa maana nyingine kabisa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na tangu tawi la kwenda Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, Tabora imekuwa ndipo mabehewa yanapogawanywa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na mengine ya Mpanda ambayo huchepuka mbele zaidi, pale Kaliua. Behewa lililoharibika, au lililounganishwa na treni isiyo yake, au lililokosa injini ya kulivuta, lilibaki hapo siku kadhaa na mara nyingine wiki nzima. Karatasi zake zilitangulia kufika kabla yake, na baba alikuwa akizisoma mezani huku akila, akijua kwamba mahali fulani kati ya Tabora na sisi kuna magunia na katoni ambazo mji mzima unazisubiri. Kwa hiyo wenye maduka hawakuwa waongo. Angalau si mara zote.

Kazi yangu katika mtaa ule ilikuwa kutumwa. Sidhani kama watoto wa leo wanatumwa kama sisi tulivyotumwa, mara tatu au nne kwa siku, kila mara kwa kitu kimoja kidogo, kwa sababu hakuna nyumba iliyonunua zaidi ya mahitaji ya siku ile. Nilipewa chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi la muhindi, au kibakuli cha mawese, au nilipewa pesa tu, mara nyingi sarafu za senti hamsini zenye picha ya sungura, ambazo nilizifumbata mpaka kiganja kikanuka shaba. Njiani nilirudia maneno niliyotumwa ili yasipotee: chumvi, kibiriti, uzi mweusi, chumvi, kibiriti, uzi mweusi. Nikikutana na mtu mzima, ilinilazimu kusimama, kuamkia shikamoo na kujibu maswali ya hali ya nyumbani, na nikimaliza uzi mweusi ulikuwa umekwisha kuwa uzi mweupe. Kosa hilo lilinirudisha dukani kwa miguu yangu mwenyewe, na mwenye duka alibadilisha bila kuuliza, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba mama hana nguo nyeupe ya kushona.

Duka letu, yaani lile lenye daftari la madeni ambamo jina la baba lilikuwemo, lilikuwa na milango miwili ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu aliyezaliwa Ujiji, aliyezungumza Kiswahili chetu na Kiha cha kutosha kuwachekesha akina mama waliotoka vijijini na vichwa vyao vimebeba ndizi na mihogo. Aliwaamkia "Mwakeye!" hata kama ni saa tisa alasiri, nao walimjibu kwa kicheko. Ndani kulikuwa na kiza cha kupendeza na harufu ambayo sijaikuta tena mahali popote: mafuta ya taa, dagaa wakavu, magunia ya katani, na sabuni ya gwanji, ile iliyopikwa kwa mawese hapa hapa Kigoma, ambayo ilikuwa laini kama ugali na iliisha kabla ya nguo kutakata. Juu ya kaunta kulikuwa na mizani ya shaba yenye sahani mbili. Mzee alimimina chumvi ya Uvinza kwenye sahani moja mpaka ile nyingine ikainuka, kisha akaongeza kijiko kimoja cha juu huku akinitazama, ili nikasimulie nyumbani kwamba ameongeza. Hakuna kilichotiwa katika mfuko. Alichana ukurasa wa gazeti, akaukunja kuwa pembe kwa mkono mmoja, akajaza, akafunga kwa namna ambayo nimejaribu kuiiga mara nyingi na mpaka leo chumvi yangu humwagika.

Nje, barazani, alikaa fundi cherehani aliyekodi nafasi ya kiti kimoja na mashine moja. Kodi yake, nilivyokuja kuelewa baadaye, ilikuwa kumshonea mzee na wanawe nguo za Idi. Karibu naye walikaa wazee waliokunywa kahawa kutoka kwa mtu aliyepita na dele na vikombe vidogo, na mbele zaidi, chini ya mwembe, kulikuwa na kinyozi mwenye kioo kilichotundikwa kwenye shina kwa msumari. Baraza lile lilikuwa la kila mtu na halikuwa la mtu. Mvua ikinyesha, na mvua za Kigoma zikianza Oktoba hazina haraka ya kuondoka, wapita njia wote walijibanza hapo, na udongo mwekundu ulitiririka katikati ya mtaa kuelekea stesheni kana kwamba nao una safari.

Lakini nisipoeleza siku ya treni, nitakuwa sijaueleza mtaa. Kwa siku nyingine zote mtaa ulisinzia. Mzee alisoma gazeti la juzi, fundi alilala juu ya cherehani, na mbuzi walipita barabarani bila mtu wa kuwafukuza. Siku ya treni, kabla hata honi haijasikika upande wa Mwanga, mtaa ulibadilika sura. Mikokoteni iliteremka ikiwa mitupu, magurudumu yake yakigonga mawe, na wachukuzi waliokuwa wamevaa magunia mabegani kama shali walikimbia mbele yake ili wasipitwe. Akina mama walibandika maharage na chai. Treni ilipoingia, baada ya siku mbili za njia kutoka Dar es Salaam, abiria waliopanda mtaani walikuwa wa rangi moja, rangi ya vumbi, na kila mmoja alikuwa na kitu alichokinunua stesheni za njiani: asali ya Tabora katika chupa, karanga, kuku aliye hai aliyefungwa miguu. Waliokuwa wakiendelea na safari kwa meli, kwenda Kasanga au mpaka Mpulungu nchini Zambia, walinunua mikate na biskuti za kula ndani ya Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, kisha ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Kulikuwa na watu wa Kalemie na Uvira wenye vitenge begani, watu wa Bujumbura waliovaa suruali zilizopigwa pasi, na Wamanyema wa Ujiji waliokuja kupokea ndugu. Wote hao walikuwa wetu kwa saa kadhaa. Kisha mizigo ilianza kupanda.

Mizigo ilipanda polepole. Kila mkokoteni ulikuwa na mtu wa kuuvuta na watu wawili wa kuusukuma, na sisi watoto tuliufuata kando tukisoma maandishi ya katoni kwa sauti, maana hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba yetu. Mkokoteni ukisimama mbele ya duka fulani, habari zilimaliza mtaa kabla ya gunia la kwanza kushuka: huyu amepata khanga za Urafiki, huyu amepata sufuria, yule wa kona amepata misumari. Mtu aliyekuwa akisubiri misumari tangu mwezi uliopita ili aezeke nyumba yake alifika akiwa na bati lake kichwani tayari. Ndiyo maana nasema kwamba mtaa ule haukuendeshwa na fedha kama tunavyofikiri kuhusu biashara. Uliendeshwa na kusubiri, na wenye maduka walikuwa watu ambao kazi yao ilikuwa kusubiri kwa niaba yetu.

Sasa nifike kwenye sukari.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka minane, na hata mtoto wa miaka minane alifahamu maneno "mlanguzi" na "mhujumu uchumi", kwa kuwa redio iliyataja kutwa. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Uganda ikiwa haina fedha za kigeni, viwanda vilikosa vipuri, na bidhaa nyingi muhimu zilipita katika kampuni ya biashara ya mkoa, ambayo sote tuliiita RTC, kabla ya kufika madukani kwa bei iliyopangwa. Mwaka huo Serikali ilianzisha msako wa wahujumu, ukisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na kila mwenye duka aliogopa kukutwa na mali nyingi kama alivyoogopa kukutwa bila mali. Mtaani ilisemekana kwamba kuna watu waliokwenda usiku kumwaga katoni za sabuni ziwani. Sukari tuliipata kwa mgawo, majina yakiandikwa na balozi wa nyumba kumi, na kilichofika kilikuwa kidogo sana kulingana na majina.

Siku moja, ilikuwa jioni, baba alimwambia mama kwamba behewa la sukari limeingia na limekwisha kushushwa. Hakuniambia mimi, lakini nyumba ya kota haina siri. Kesho yake asubuhi nilitumwa dukani kununua robo kilo. Nilikuta foleni ya akina mama sita au saba, nikasimama, na mbele yangu kila mmoja aliuliza na kila mmoja akajibiwa kwamba iko Tabora. Ilipofika zamu yangu nami nikajibiwa vivyo hivyo. Nikasema, kwa sauti ya mtoto anayesaidia, "Lakini baba amesema behewa limefika."

Naukumbuka ukimya ule kuliko ninavyoikumbuka sura ya mzee. Cherehani ya fundi ilisimama. Mama mmoja aligeuka akanitazama, kisha akamtazama mzee, naye mzee, bila kuinua sauti, akasema, "Baba yako anasemea behewa la chumvi, mama. Chumvi ndiyo iliyofika kutoka Tabora." Aliniita mama, kama ambavyo wazee wetu huwaita watoto wa kike wanaowapenda, na akanipa pipi. Nilitoka. Nilikuwa nimefika nusu ya njia, pale mteremko unapokuwa mkali, ndipo nilipokumbuka kwamba chumvi haitoki Tabora. Chumvi yetu hutoka Uvinza, stesheni iliyo karibu nasi kuliko Tabora, na hakuna behewa la chumvi linaloweza kwenda Tabora kwanza ndipo lirudi Kigoma. Akina mama wale waliijua chumvi ya Uvinza kuliko mimi. Bila shaka walikumbuka pale pale, na hakuna aliyesema neno.

Baba alipopata habari hakunichapa. Aliniita, akanikalisha kwenye kigoda, akasema maneno machache ambayo niliyashika kama aya: "Ya banda la mizigo hayapandi mtaani." Ijumaa usiku wa wiki ile, kulikuwa na pembe ya gazeti juu ya meza yetu, na ndani yake nusu kilo ya sukari. Hakuna aliyekuwa ametumwa dukani. Mama alichemsha chai, akampa bibi kikombe cha kwanza, na bibi akamshukuru Mungu bila kuuliza. Pembe nyingine ilikuja baada ya wiki mbili, na nyingine tena. Sikumbuki zilikoma lini, kwa kuwa mwaka uliofuata masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, kisha mwishoni mwa 1985 akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, na sukari ikaacha kuwa jambo la kunong'onezana.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi kuliko nusu kilo inavyostahili. Upo uwezekano kwamba baba alinunua kama mteja mwingine yeyote, akalipia jioni alipopita kwenda nyumbani. Upo uwezekano kwamba mzee alimpa kwa urafiki, maana walifahamiana tangu ujana. Na upo uwezekano wa tatu, ambao hauhitaji kuandikwa kwa kirefu. Sikumwuliza baba alipokuwa hai. Nadhani nilichelea jibu, na pia, kwa kweli, niliinywa chai ile.

Mwaka 1989 nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni mjini Tabora. Nilisafiri zaidi ya kilomita 400 nikiwa nimekaa dirishani, nikisubiri kuliona lile ghala. Nilikuta mji wa miembe kama wetu, wenye joto kavu, watu wapole na maduka yenye milango ya mbao, baadhi yake yakiwa ya bluu. Wiki ya pili, rafiki yangu na mimi tulipata ruhusa ya kwenda mjini, nikaingia katika duka moja na kuulizia mawese, kwa kuwa chakula cha bweni kilinishinda. Mwenye duka aliegemeza viwiko kwenye kaunta, akatazama upande wa stesheni, akasema, "Mawese bado, binti. Yako kwenye treni ya Kigoma." Nilicheka mpaka rafiki yangu akaona haya.

Miaka iliyofuata mtaa wetu ulikuwa ukibadilika nikiwa sipo, kwa hiyo nilikuta matokeo tu kila likizo, kama mtu anayeruka kurasa. Vitenge vya Zaire vilijaa. Mitumba ilijaa. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wakimbizi wakaingia mkoani kwa maelfu, na mwaka 1996 vita vya Zaire vikawaleta wengine kwa mashua, na mtaani kwetu yakatokea magari meupe yenye nyaya ndefu za redio, yakiegeshwa chini ya ile miembe. Ni jambo lisilopendeza kulisema, lakini maduka yalineemeka. Mashirika yalihitaji karatasi, mahema, kalamu, maji ya chupa, na wafanyakazi wao walihitaji jibini na kahawa ya unga. Maduka yakaanza kuuza vitu ambavyo sisi hatukujua vinaliwaje. Kodi za nyumba zilipanda. Fundi wa barazani aliambiwa kwamba nafasi yake sasa ina bei, na bei yenyewe si nguo za Idi. Alihamia Mwanga, kisha sikumsikia tena. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia tena na Liemba ikatumika kuwasomba kutoka Kagunga hadi Kigoma, nilikuwapo nyumbani kwa msiba, na niliona jinsi mtaa ulivyokwisha kulizoea jambo hilo: kabla wageni hawajapata mahali pa kulala, ndoo na mikeka ilikuwa imekwisha kupangwa mbele ya maduka.

Treni nayo ilikuwa ikipungua nguvu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoharibu reli upande wa Kilosa yalikata safari kwa miezi, na wenye maduka waliokuwa bado wakiitegemea wakajifunza kuagiza kwa malori. Waliojifunza hawakurudi. Siku hizi mzigo wa Kariakoo huagizwa kwa simu, picha ya bidhaa hutumwa kwanza, pesa hutumwa kwa simu hiyo hiyo, na boksi huwekwa chini ya basi. Hufika usiku au alfajiri, mtu mmoja wa bodaboda huenda kulichukua, na hakuna anayejua kilichomo isipokuwa mwenyewe. Mimi naona hapo ndipo mtaa ulipobadilika kweli kweli, kuliko lami na taa za barabarani ambazo watu huzitaja. Mali haipandi tena mtaani ikionekana. Hakuna siku ya treni, kwa hiyo hakuna siku ya kusinzia pia. Kila siku ni nusu siku ya treni, na usiku wa kuamkia Jumapili muziki wa duka la simu hauzimwi.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, nilirudi Kigoma kushughulikia hati ya kiwanja cha marehemu baba. Mvua ilinikuta katikati ya Lumumba nikiwa sina mwavuli, na kwa mazoea ya miguu nikajikuta mbele ya duka letu. Mwembe wa kinyozi haupo. Pale ulipokuwa kuna kibanda cha wakala wa pesa kilichopakwa rangi ya kampuni. Jengo lenyewe limegawanywa kuwa fremu nne. Baraza limezungushiwa vyuma na kuwa sehemu ya maduka, kwa hiyo niliposimama kujikinga nilikuwa nimekwisha kuingia dukani, na kijana mmoja akaniuliza kama nahitaji chaja. Fremu ya mwisho, iliyo ndogo kuliko zote, anaiendesha mtoto wa yule mzee, ambaye ni wa rika langu na ndiye mwenye jengo. Anauza miavuli, mabegi ya shule na viatu vya plastiki.

"Karibu dada," alisema kabla hajanitambua, na aliponitambua akasema, "Mtoto wa karani!" akatoa kiti. Tuliulizana habari za waliobaki na za waliotangulia. Akanieleza shida za fremu: wapangaji wanataka mkataba mrefu, yeye anataka mfupi, kwa sababu reli mpya ya kisasa ya kutoka Tabora kuja Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, ikikamilika hakuna anayejua kilemba cha fremu moja kitakuwa kiasi gani. Nilimwuliza wateja wataambiwa nini bidhaa ikikosekana, kama treni itakuja kwa saa chache tu. Hakuelewa swali kwa mara ya kwanza. Nilipomkumbusha, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akainuka, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na daftari refu lenye jalada la kitambaa cheusi. Alisema ameyatunza matatu kati ya madaftari ya baba yake. Mengine yaliliwa na mchwa.

Mzee alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa watu wengi wa rika lake chuoni Ujiji, hivyo mwanawe alinisomea huku akifuatisha kwa kidole. Alipata ukurasa wenye kichwa "Karani wa reli". Akasoma: mafuta ya taa, chupa moja. Mchele, kilo mbili. Uzi mweusi. Hapo nilitabasamu. Sabuni, mche mmoja. Kisha akasoma, "Sukari, nusu," na mistari kadhaa chini yake, "Sukari, nusu," na tena, "Sukari, nusu."

Herufi sikuweza kuzisoma kwa haraka, lakini tarakimu za Kiarabu nazijua tangu madrasa. Mafuta ya taa yalikuwa na bei yake upande wa kushoto, na mchele, na sabuni, na uzi, na kila bei ilikuwa imekatwa kwa mstari kuonyesha kwamba deni limelipwa. Mbele ya sukari, mara zote tatu, upande wa bei ulikuwa mtupu. Nilimwuliza kama baba yake alikuwa na desturi ya kuandika hata vitu alivyotoa bure. Alifikiri kidogo, akafunua kurasa mbili tatu za watu wengine, akasema hajui.

Mvua ilikuwa haijakatika. Nilichagua mwavuli mweusi, nikalipa kwa simu, na mashine ndogo iliyokuwa pembeni ya daftari ikatoa risiti yenye jina la bidhaa, bei, tarehe, saa na dakika.